Mama Kioo na Uso wa Bibi Chanjo

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliofika kumsindikiza mpendwa wetu, familia imempa kazi ya kuwasomea historia hii mdogo wake wa mwisho, ambaye wengi wenu mnamjua kwa sauti kuliko kwa sura, kwa kuwa alitangaza mpira redioni miaka ishirini na sita, na tangu asubuhi ameonywa mara tatu, na shemeji yake, na wapwa zake, na mwisho na mwenye kipaza sauti, kwamba hapa si uwanjani, asome polepole, asipandishe sauti, naye ameahidi kujitahidi, ila marehemu mwenyewe alimjua vizuri, ikifika sehemu ya sarafu za dhahabu ahadi hiyo itakuwa na kazi.

Marehemu alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 12 Machi 1953, saa tatu asubuhi, katika zahanati iliyokuwa nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa fundi viatu na mkewe mshonaji, kwenye nyumba ya vyumba viwili ambamo sindano, misumari midogo na nyuzi vilikuwa vingi kuliko vijiko, na mama yetu alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alianza kukwaruza kabla ya kutambaa, alikwaruza ukuta, alikwaruza meza, alikwaruza soli za viatu vya wateja, hata karani mmoja wa posta akatembea msimu mzima wa mvua akiacha alama ya samaki kila alipokanyaga tope, bila kujua kwa nini watoto wanamfuata wakicheka.

Alianza shule ya msingi ya jirani na karakana ya reli mwezi wa Januari 1960, akamaliza Desemba 1966, na huko ndiko alikogundua chaki, si kwa kuandikia bali kwa kuchongea, alikuwa akichukua kipande cha chaki na pini ya nywele, kabla kipindi hakijaisha kipande kimekuwa kichwa cha mwalimu, hadi siku alipokamatwa na kichwa cha mwalimu mkuu, pua yake yote ikiwepo, na ile pua jamani haikuwa ndogo, akapewa adhabu ya kufagia uwanja wiki nzima, lakini kile kichwa mwalimu mkuu hakukitupa, alikiweka mezani kwake ndani ya glasi hadi alipostaafu. Sekondari alisoma kuanzia 1967 hadi 1970, kisha Januari 1971 akaingia chuo cha ufundi, idara ya kuchonga vyuma, akiwa msichana pekee kati ya wanafunzi kumi na tisa, na alipomaliza Desemba 1973 alikuwa wa kwanza, jambo ambalo wale kumi na wanane walilipokea shingo upande, ingawa wawili wao wapo hapa leo, wamekuja na mikongojo yao, na familia inawashukuru.

Siku ya Jumatatu, tarehe 4 Februari 1974, aliajiriwa katika kiwanda cha sarafu, chumba cha wachongaji, ghorofa ya pili, meza ya dirishani, na meza hiyo hiyo ndiyo aliyoikalia kwa miaka thelathini na tisa. Kwa wale wasioijua kazi yake, na marehemu alikuwa akichoka kuulizwa kama anatengeneza hela, kazi yake ilikuwa hivi, kwanza anaumba uso wa mtu kwenye plasta, mkubwa kama sahani, kisha iko mashine inayouchora uso huo upya kidogo kidogo, siku mbili tatu, hadi unabaki mdogo kama kifungo cha koti juu ya kipande cha chuma, halafu yeye anainama na kioo cha kukuzia jichoni na kalamu ya chuma mkononi, anamalizia kila unywele, kila kope, na mwisho chuma hicho kinachomwa moto, kinazamishwa kwenye mafuta ili kiwe kigumu, ndipo kinaitwa chapa, na chapa ndiyo inayoigonga sarafu. Sasa chapa ina kisirani chake, kila kilicho kulia kwenye sarafu lazima kiwe kushoto kwenye chapa, kila kilichoinuka lazima kiwe kimezama, kwa hiyo dada huyu aliishi maisha yake yote ya kazi akiona dunia kinyumenyume, akasoma maandishi ya kinyume haraka kuliko ya kawaida, akaandika orodha ya sokoni ambayo muuzaji alilazimika kuisomea kwenye kioo, na ndiyo sababu wenzake wakampa jina la Kioo, na alipopata watoto akawa Mama Kioo, jina ambalo hata benki walilijua. Nyuso zaidi ya mia mbili zilipita mikononi mwake, marais, wanariadha, wakulima, hata ndege na samaki, na hakuna hata moja iliyobeba jina lake, kwa kuwa utaratibu wa kiwanda ni kwamba mchongaji hasaini.

Kuhusu ndoa, mwezi wa Mei 1977 plasta nzuri iliadimika kiwandani, marehemu akatumwa na msimamizi wake mtaa wa pili, kwenye karakana ya meno ya bandia, akaazime ndoo moja, na huko akamkuta kijana mmoja mrefu, fundi wa meno, mikono myeupe kwa vumbi hadi viwikoni, ambaye badala ya kumpa plasta akaanza kumpa somo, akamwambia, "Ya kwenu ni ya kupakia ukuta, hii yangu inashika hadi mstari wa unywele," naye marehemu, ambaye hakupenda kufundishwa kazi yake na mtu wa magego, akamjibu, "Basi nipe niione ikishika, maneno hayachongeki." Alirudi kuazima plasta mara tisa, na mara ya tisa msimamizi alimwonyesha kwamba stoo sasa ina magunia saba ambayo hayajafunguliwa, akaona haya lakini akaenda hivyo hivyo, na siku ya Jumamosi, tarehe 19 Agosti 1978, wakafunga ndoa, ambapo bibi harusi, kwa furaha na kwa mazoea, alitia saini cheti kinyumenyume kuanzia kulia, msajili akadhani ni mzaha, akaleta fomu ya pili, akaandika kinyumenyume tena, na fomu ya tatu aliisaini huku bwana harusi akimsomea herufi moja moja kama mtoto wa chekechea. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 3 Juni 1980, ambaye ni mwalimu wa hesabu, na mwana aliyezaliwa tarehe 27 Oktoba 1983, ambaye ni fundi wa miwani, na wajukuu wanne, wote wakorofi kama bibi yao.

Sasa tumefika. Shemeji ameshamtazama msomaji kwa jicho lile, lakini historia ya mama huyu bila sarafu ya sita ni nusu historia, kwa hiyo mtamvumilia.

Mwezi wa Februari 2012 ilitangazwa kwamba vitatolewa vipande vya dhahabu vya kumbukumbu, sarafu sita, kila moja nakala mia tatu, kuwaenzi waanzilishi wa tiba, yaani wale waliotangulia kufanya yale ambayo leo tunayaona ya kawaida, naye marehemu, akiwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, alikabidhiwa zote sita, na furaha aliyorudi nayo nyumbani siku ile, wanawe ni mashahidi, alipanda ngazi mbili mbili mwanamke wa miaka hamsini na nane. Sarafu ya kwanza ilikuwa ya daktari wa kwanza wa upasuaji, ya pili ya mtu aliyeanzisha maabara ya damu, ya tatu ya daktari wa macho, ya nne ya mfamasia, ya tano ya tabibu wa wagonjwa wa ukoma, wanaume watano wenye picha safi za studio, tai shingoni, midomo imefungwa, na hao aliwachonga kwa miezi sita bila tatizo. Ya sita ilikuwa ya mwanamke ambaye watu walimwita Bibi Chanjo, muuguzi aliyezunguka na baiskeli miaka thelathini na moja, kisanduku cha barafu kimefungwa nyuma, kiguu na njia, akichanja watoto nyumba kwa nyumba wakati ambapo wazazi walikuwa wakiwaficha watoto uvunguni wakisikia kengele yake, na huyo, ndugu zangu, alikuwa ameshafariki bila kuacha picha hata moja, hakupenda kukaa mbele ya kamera, alisema kukaa ni kupoteza muda, na ile moja ya kwenye faili lake la kazi ilikuwa imeliwa na mchwa, imebaki pini.

Kamati ya sarafu ikaamua mambo mepesi, kwamba kwa kuwa uso haupo basi sarafu ya sita iwe na sindano na baiskeli, na hapo marehemu, ambaye kwa kawaida alikuwa akikaa vikao vile kimya akichora pembeni mwa karatasi, alisimama, akasema maneno ambayo karani wa kamati aliyaandika neno kwa neno, "Wanaume watano tuwape nyuso, mwanamke tumpe baiskeli?" Mwenyekiti akakohoa, akapekua kalenda, akasema haya, uletwe uso ambao watoto wote watatu wa Bibi Chanjo wataukubali kwa saini zao, uletwe kabla ya mwisho wa Novemba, la sivyo ni baiskeli, na marehemu akasema sawa kabla hajajua atautoa wapi.

Watoto watatu wa Bibi Chanjo walikuwa watu wazima wenye wajukuu, na kila mmoja alikuwa na mama yake, yaani mkubwa alisema mama alikuwa na uso wa duara, wa pili akala kiapo kwamba ulikuwa mrefu, na wa mwisho, binti, fundi cherehani, alisema hakumbuki duara wala urefu, anakumbuka kwamba mama alikuwa anacheka, akija nyumbani unasikia kicheko kwanza kisha baiskeli. Marehemu alichora michoro kumi na saba, kumi na saba yote ikakataliwa, huyu akiitikia yule anatikisa kichwa, Septemba ikapita, Oktoba ikaanza kwisha, hadi siku moja mezani, wakiwa wanakula, alimsimulia mumewe kwamba yule binti amemwambia mama yao aliwahi kuwekewa magego mawili ya bandia mwaka 1969, na mumewe akaacha kijiko hewani, akauliza, "Aliwekewa wapi?" Aliwekewa palepale, karakana ya mtaa wa pili, na mzee aliyemtangulia shemeji kwenye karakana ile hakuwahi kutupa kitu, kila mgonjwa aliyepimwa meno aliacha taya lake la plasta, juu na chini, na mataya yote yalikuwa yamepangwa stoo ndani ya maboksi ya viatu.

Jumamosi tatu mfululizo, tarehe 20 na 27 Oktoba na tarehe 3 Novemba 2012, familia nzima ilikuwa stoo ile, msomaji wenu naye akiwemo, vumbi hadi kwenye kope, tukifungua maboksi na kusoma namba zilizofifia, tukitafuta ile iliyoandikwa kando ya jina lake kwenye daftari la mwaka 1969, mataya zaidi ya elfu nne yakitukenulia, na Jumamosi ya tatu, saa sita kasoro robo, mwanawe wa kiume akapiga kelele kutoka pembeni, "Elfu mbili mia mbili na kumi na sita! Ni hili!" na marehemu akalipokea kwa mikono miwili, akalipuliza, na jamani, mbele, katikati ya meno ya juu, palikuwa na mwanya, si mwanya wa kubahatisha, mwanya wa haja, na jino la pembeni limeegemea jirani yake kidogo kama mtu anayetaka kusikia umbea.

Alimpelekea yule binti fundi cherehani siku hiyo hiyo, hakusubiri hata kunawa, na binti akalichukua taya la mama yake, akaligeuza, akatia ukucha kwenye mwanya, akasema, "Hapa ndipo alipokuwa anakatia uzi," kisha akaanza kucheka, akacheka hadi machozi yakawa machozi kweli, na marehemu akakaa kwenye kiti cha wateja, akatoa daftari akaanza kuchora, kwa sababu sasa alijua mdomo, na ukijua mdomo unaocheka unajua shavu linapanda hadi wapi, na ukijua shavu unajua jicho linafinywa vipi, na uso wote ukapanda kutoka kwenye yale meno, na tarehe 11 Novemba watoto wote watatu waliuona, wa duara na wa mrefu na wa kicheko, na wakasaini bila neno. Kamati ilileta lingine, kwamba kwenye sarafu hakuna mtu anayecheka, meno kwenye dhahabu ni utovu wa heshima, wenzake watano wametulia, na marehemu akawaambia wale hawacheki kwa sababu hakuna aliyewachekesha, wajumbe wawili wakavunjika mbavu, kura zikapigwa, ikapita nne kwa tatu.

Sasa inabidi kuingiza maradhi hapa, ingawa utaratibu unasema yaje mwishoni, maana kwa marehemu hayakusubiri zamu. Tangu Juni mwaka ule mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka, alificha, aliacha kunywa chai mbele za watu, alijikaza kisabuni, na tarehe 20 Desemba 2012 daktari alimwambia wazi kwamba ni ugonjwa wa kutetemeka, hauponi, ila vidonge vitampa utulivu, labda saa mbili kila asubuhi baada ya kuvimeza, na yeye hakuuliza ataishi miaka mingapi, aliuliza, "Saa mbili kamili au kasoro?" Uzinduzi ulikuwa umepangwa Alhamisi, tarehe 7 Machi 2013, siku tano kabla hajafikisha miaka sitini na kustaafu, yaani alikuwa na wiki kumi na moja, saa mbili kwa siku, na uso mmoja.

Na ule mwanya ukamtesa, kwa sababu, mkumbuke, kwenye chapa kila kitu ni kinyume, meno yanakuwa mashimo na mwanya kati yake unakuwa ukuta, ukuta mwembamba kuliko ukucha wa mtoto mchanga, unaopaswa kusimama wakati mashine inagonga kwa uzito wa malori. Chapa ya kwanza ilijaribiwa tarehe 21 Januari, pigo la kwanza salama, la pili salama, la tatu ukuta ukavunjika, sarafu ikatoka meno yamefungana, na hakuwa Bibi Chanjo tena, alikuwa mama fulani tu anayecheka. Chapa ya pili haikufika hata mashineni, ilipasuka tarehe 11 Februari ilipozamishwa kwenye mafuta, tak, chumba kizima kikasikia, na ghala lilikuwa limebakiza kipande kimoja tu cha chuma cha daraja lile. Meneja, ambaye hakuwa mtu mbaya, alipanda juu akamshauri auzibe tu ule mwanya, nani atauona, mpaka mtu ashike kioo cha kukuzia, na marehemu akamjibu bila kuinua kichwa, "Binti yake ataona."

Alirudi nyumbani amenyong'onyea, akamweleza mumewe, na mumewe fundi wa meno akacheka, hakumcheka yeye, alicheka kwa sababu amejua dawa, akamwambia, "Wewe umejenga ukuta kama wa sinema, umesimama wima tu, jino halisimami hivyo, jino lina mzizi, lipanue chini," na usoni kwa marehemu ikaonekana taa imewaka, kwa sababu upanue chini, uache wembamba juu, dhahabu haitajua tofauti na jicho halitajua. Kuanzia asubuhi iliyofuata, kila siku, Jumapili pia, alimeza vidonge saa kumi na mbili na nusu, saa moja na nusu yuko mezani, jirani yake wa meza, mchongaji wa maandishi, anamfunga kiganja kwenye mfuko mdogo wa mchanga kwa kitambaa, anakata, anapumua, anakata, na mkono ulipoanza kurudia tabia yake jirani anafungua kitambaa bila kuulizwa na wanakunywa maji. Tarehe 25 Februari akaiweka kalamu chini, chapa ikaenda motoni, ikaenda kwenye mafuta, na chumba kizima kikasimama roho juu kusikia ile tak, na haikuja.

Alhamisi, tarehe 28 Februari 2013, saa nne asubuhi. Mashine nyingine zote zimesimamishwa, wamekusanyika hadi wapishi wa kantini na mlinzi wa geti ambaye haruhusiwi kuacha geti, mpiga mashine amevaa glavu nyeupe, anaweka kipande cha dhahabu, anakaa sawa, anavuta pumzi, anabonyeza, mashine inashuka, inapanda, anaitoa sarafu kwa ncha za vidole, anaipeleka kwa marehemu, marehemu anakataa kuishika kwa sababu mikono yake haitabiriki, anainama, kioo jichoni, anatazama, anatazama, anatazama, mpiga mashine jasho jembamba linamtoka, meneja anatafuna kofia yake, na Mama Kioo anainua kichwa, anasema, "Upo!" Upo, jamani, mwanya upo! Mnisamehe, kipaza sauti kimeguna, lakini upo, na ule ukuta mdogo ulisimama pigo la mia moja, ukasimama la mia mbili, ukasimama hadi la mia tatu, haukukatika, na wapishi wa kantini wakambeba juu juu mwanamke wa miaka hamsini na tisa kumzungusha karakana nzima, akiwapigia kelele wamshushe, ana miwani mpya.

Siku ya uzinduzi yule binti fundi cherehani alipewa kisanduku cha kwanza, akakifungua mbele ya ukumbi uliojaa wakubwa, akaomba kioo cha kukuzia, akatazama muda ambao mshereheshaji aliuona mrefu mno, kisha akasema kwenye kipaza sauti maneno mawili tu, "Mama anacheka," akakaa. Yalisomwa majina ya wajumbe wa kamati, majina ya wafadhili, jina la aliyetengeneza visanduku vya mbao, na jina la mchongaji halikusomwa kwa kuwa huo ndio utaratibu, familia ilikasirika, msomaji wenu alikasirika kuliko wote, lakini yeye alikuwa amesimama ukutani nyuma kabisa, mikono mfukoni ili isionekane, amechangamka kama aliyeshinda bahati nasibu, na njiani kurudi alisema tukome kununa, tunamharibia siku yake.

Alistaafu tarehe 12 Machi 2013, na baada ya hapo hakuchonga tena, ugonjwa ulichukua mkono wa kulia, ukachukua wa kushoto, ukaja miguuni, akalishwa na mumewe kwa kijiko miaka minne bila hata siku moja mume huyo kusema amechoka, na tarehe 29 Aprili 2024 alilazwa hospitali kuu, wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani, kifua kikiwa kimejaa, madaktari wakapambana wiki mbili, na siku ya Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka sabini na moja, miezi miwili na siku mbili, ameacha mume, watoto wawili, wajukuu wanne na ndugu wawili.

Familia inawashukuru madaktari wote, hasa yule aliyemwambia ukweli Desemba ile na kumpa zile saa mbili, inawashukuru majirani waliojenga njia ya mteremko ya kiti chake cha magurudumu kwa mikono yao, inawashukuru wafanyakazi wa kiwanda cha sarafu, na mchongaji wa maandishi aliyefunga na kufungua kile kitambaa, ambaye leo hataki kutajwa lakini ametajwa.

Na mwisho inamshukuru muuguzi wa wodi, yule kijana wa kike aliyekaa safu ya tatu, aliyemgeuza na kumnawisha kwa heshima hadi siku ya mwisho, na kuhusu yeye kuna jambo la kuungama. Wiki ya kwanza ya kulazwa, nesi huyu alimweleza mgonjwa wake, ili kumchangamsha, kuhusu ile picha kubwa iliyotundikwa kwenye chumba cha chanjo ghorofa ya chini, Bibi Chanjo anacheka na mwanya wake, akamwambia ni picha halisi, ilipigwa na mwandishi wa habari, siku ambayo mtoto mmoja aliichukua sindano akataka kumchanja yeye, na ndiyo sababu anacheka vile, na kwamba kila asubuhi kabla ya kuanza kazi yeye huisalimia, kwa sababu ni kama mtu unayemjua. Marehemu alimsikiliza hadi mwisho, akauliza mtoto mwenyewe alikuwa wa nani, akaelezwa na hilo, na nesi alipotoka alicheka hadi kitanda kikatetemeka kuliko mikono yake, akamwita mdogo wake karibu, akamwambia kwa ile sauti ndogo iliyokuwa imebaki, "Umesikia? Wanadhani ni picha. Ukimwambia, nitakufufukia."

Mdogo wake alikaa kimya siku zile zote, na leo, dada, ukitaka kufufuka ufufuke tu, tutafurahi. Nesi, mwandishi wa habari hakuwepo, kamera haikuwepo, kilichotundikwa ni uso wa sarafu ya sita uliokuzwa, na uso ule ulitoka kwenye taya la plasta na mkono uliokuwa unatetemeka, na aliyeutoa ulikuwa unamnawisha wewe. Endelea kuusalimia.

Lala pumziko la amani, Mama Kioo, mikono imetulia.